Beki wa Barafuni Hasomwi kwa Msimu Mmoja

Usiku wa Juni 15, 2015, Chicago Blackhawks waliifunga Tampa Bay Lightning 2-0 na kutwaa Kombe la Stanley, taji linalotafutwa kuliko yote katika mpira wa magongo wa barafuni. Kwa miezi miwili ya mtoano, ulinzi wa timu hiyo ulikuwa mabegani mwa watu wanne: Duncan Keith, Brent Seabrook, Niklas Hjalmarsson na Johnny Oduya. Kocha Joel Quenneville aliwategemea katika kila dakika ngumu. Keith peke yake alicheza wastani wa zaidi ya dakika 31 kwa mechi, katika mchezo ambao mtu huingia kwa sekunde 45 hivi kisha hutoka kuvuta pumzi.

Sasa tazama walikotokea. Katika drafti, ule utaratibu wa timu kuchagua vijana kwa zamu, Seabrook alikuwa wa 14 mwaka 2003. Keith alikuwa wa 54 mwaka 2002. Hjalmarsson alikuwa wa 108 mwaka 2005. Oduya alikuwa wa 221 mwaka 2001. Yaani timu za ligi nzima ziliita majina ya vijana 220 kabla ya kufika kwa beki ambaye angekuja kushinda kombe hilo mara mbili.

Jina la Oduya msomaji wa Kisumu analitambua bila kuelezwa. Baba yake ni Mkenya, Mjaluo, na mama yake ni Msweden. Yeye alizaliwa Stockholm Oktoba 1, 1981. Kaka yake Fredrik, aliyefariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2011, naye alikuwa beki na aliwahi kuchaguliwa na San Jose Sharks. Johnny alivuka bahari kwenda kucheza ligi ya vijana ya Quebec msimu wa 2000/01, na msimu ulipokwisha Washington Capitals wakamchagua. Hawakuwahi kumchezesha hata mechi moja. Akarudi Sweden, akacheza kwao miaka mitano, ndipo New Jersey Devils wakamsajili mwaka 2006. Alipoingia NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, alikuwa ametimiza miaka 25. Aliondoka akiwa amecheza zaidi ya mechi 800.

Kuna tukio moja la Juni 24, 2013, mjini Boston, ambalo kila anayempenda mchezaji huyu anapaswa kulitafuta na kulitazama. Fainali, matokeo ni 2-2, imebaki dakika moja hivi. Oduya anapiga shuti kutoka mbali, kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachochezewa, kinaguswa na mwenzake Michael Frolik, kinagonga nguzo ya goli na kumdondokea Dave Bolland, ambaye anakisukumia wavuni. Kombe likaenda Chicago. Asisti ya bao la ubingwa ikaandikwa jina la mtu ambaye maskauti walikuwa wamemsogeza hadi raundi ya saba.

Maskauti hao si wavivu wala si wajinga. Ni watu wanaosafiri kutoka Septemba hadi Mei, kutoka Sudbury hadi Red Deer, kutoka Leksand hadi Mannheim, wakikaa kwenye viti vya juu vya kona katika viwanja vyenye baridi, daftari mkononi. Wengi walicheza mchezo huu wenyewe. Washambuliaji wakubwa huwa hawawapiti kwa urahisi. Mabeki ndio wanaowapita, na huwapita miaka nenda miaka rudi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila Juni timu 32 za NHL huchagua wachezaji 224 katika raundi saba. Timu zilizofanya vibaya huingia kwenye bahati nasibu ya kugombea nafasi ya kwanza. Anayeruhusiwa kuchaguliwa ni kijana atakayekuwa ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15 ya mwaka huo, kwa hiyo wengine huitwa wakiwa bado na miaka 17. Hapo ndipo shida ya beki inapoanzia. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana alisubiri afikishe miaka 20 ndipo achaguliwe. Umri ukashushwa hadi 19 mwaka 1979, kisha 18 mwaka uliofuata. Tangu hapo skauti anaombwa aseme leo jinsi mtoto wa shule atakavyolinda goli dhidi ya watu wazima baada ya miaka mitano.

Mshambuliaji wa miaka 17 tayari anaonyesha mkono wake. Ama anafunga ama hafungi, na akifunga utaona alivyofunga. Kazi nzuri ya beki, kwa sehemu kubwa, ni mambo ambayo hayakutokea: pasi ambayo mpinzani aliona haipitiki akaacha kuipiga, mbio zilizokatwa katikati ya uwanja, shuti lililopigwa kutoka pembeni kwa sababu katikati palikuwa pamezibwa. Hakuna takwimu ya zamani iliyohesabu hayo. Siku hizi kampuni za uchambuzi hukata video na kuhesabu mara ngapi beki amemzuia mtu kuvuka na kisahani mstari wa buluu unaoingia eneo lake la ulinzi, na zimesaidia sana. Hata hivyo mtu lazima akae pale juu na kutazama, maana kamera mara nyingi hufuata kisahani, na beki mzuri hufanya nusu ya kazi yake mahali ambapo kisahani hakipo.

Chukua tendo moja tu, ambalo hujirudia mara nyingi katika kila mechi. Wapinzani wametupa kisahani, chenye uzito wa gramu 170 hivi, hadi kwenye kona nyuma ya goli. Beki anageuka na kukikimbilia, ameupa uwanja mgongo. Nyuma yake anakuja mshambuliaji wa kilo 95 kwa kasi kamili, na sheria inamruhusu kumbamiza ukutani pindi anapokigusa. Muda uliopo ni sekunde mbili, pengine tatu. Skauti mzoefu hapa haangalii mikono. Anaangalia shingo. Je, kijana aligeuza kichwa kutazama nyuma ya bega kabla ya kufika? Alitazama mara moja au mara mbili? Pande zote, au upande ule ule wa siku zote? Kama alitazama, atafika akiwa tayari anajua mwenzake yuko wapi. Atajifanya anaelekea kushoto, atageuka kulia, pasi itatoka na yule wa kilo 95 atagonga ukuta. Asipotazama, atafika wa kwanza, ataokota kisahani vizuri kabisa, halafu atasimama kufikiri. Kufikiri huko kwa nusu sekunde, katika ligi ya vijana huponyoka nako. Katika NHL ni bao.

Tendo la pili ni kurudi kinyumenyume. Mshambuliaji anakuja na kisahani, beki anateleza akirudi nyuma huku amemkabili. Umbali kati yao ndio siri yote. Akirudi upesi mno, anampa mpinzani uwanja wa bure. Akisogea mno, anapitwa na goli linabaki na kipa peke yake. Mwenye miguu dhaifu hurudi mapema kwa sababu anajua hawezi kumkimbiza mtu akishapitwa. Kwa hiyo skauti anayeona beki anaachia nafasi kubwa huandika kuhusu miguu, wakati mtazamaji wa kawaida anadhani kijana ni mwoga. Kwa anayetoka Ulaya kuna hesabu nyingine zaidi. Viwanja vingi vya huko vilijengwa kwa upana wa mita 30, vya NHL ni mita 26. Mita nne zikiondoka, kila pembe aliyoizoea tangu utotoni hubadilika.

Hayo yote huchukua muda kuyaona, na muda ndio kitu ambacho drafti haitoi. Skauti anayebanwa na muda hushika kinachoonekana haraka: urefu na mabao. Drafti ya 2012 ni somo chungu. Katika majina kumi ya kwanza, manane yalikuwa ya mabeki. Humo walikuwemo Morgan Rielly, Hampus Lindholm na Jacob Trouba, ambao walilipa vizuri. Lakini aliyechaguliwa wa nne, Griffin Reinhart, kijana mrefu mwenye sifa kubwa, aliishia kucheza mechi 37 tu za NHL. Mwaka huo huo, katika nafasi ya 86, St. Louis Blues walimchukua Colton Parayko, aliyekuwa kwenye ligi ya daraja la chini ya jimbo la Alberta. Miaka saba baadaye alikuwa nguzo ya timu iliyotwaa Kombe la Stanley. Na katika nafasi ya 120 Carolina Hurricanes walimpata Jaccob Slavin.

Kwa maoni yangu, Slavin ndiye beki ambaye kila skauti kijana angefundishwa kumtazama kwanza. Hana shuti la kutisha, hapigi watu ukutani ili mashabiki wapige kelele. Gongo lake liko mahali panapotakiwa kabla mpinzani hajaamua, basi. Msimu wa 2020/21 alipewa adhabu ndogo moja tu, naye akapata tuzo ya Lady Byng ya uungwana mchezoni, tuzo ambayo mabeki huipata kwa nadra sana. Mtu anayekabidhiwa washambuliaji hatari wa timu pinzani kila usiku na asilazimike kuwavuta jezi, huyo amefika mapema kila mahali. Lakini kufika mapema hakuonekani kwenye orodha ya mabao, na timu nyingi zilimpita zaidi ya mara moja.

Urefu nao umedanganya kwa pande zote mbili. Zdeno Chara wa Slovakia alikuwa mrefu mno machoni mwa wengi, sentimita 206. New York Islanders walimchukua wa 56 mwaka 1996, wakamwachia aende Ottawa mwaka 2001, na mwaka 2011 aliinua Kombe la Stanley akiwa nahodha wa Boston. Upande wa pili yupo Lane Hutson, mwenye urefu wa sentimita 175 hivi. Kabla ya drafti ya 2022 Hutson alizipelekea timu barua ya daktari iliyoeleza kwamba mifupa yake bado inakua. Hebu fikiria kijana wa miaka 18 anayeona imembidi abebe cheti cha mifupa ili watu wakubali kile ambacho macho yao yamekwisha kukiona. Alichaguliwa wa 62 na Montreal Canadiens. Mwaka 2025 alitwaa tuzo ya Calder ya mchezaji bora chipukizi, akiwa na asisti 60, idadi iliyofikia rekodi ya Larry Murphy kwa beki wa msimu wa kwanza.

NHL pia huwakusanya vijana Buffalo wiki chache kabla ya drafti kwa vipimo vya afya, baiskeli ya kupima pumzi na usaili. Usaili una maana kubwa. Vipimo vya nguvu vichukuliwe kwa tahadhari: mwaka 2014 mshambuliaji Sam Bennett alishindwa kujivuta juu ya chuma hata mara moja, ikawa habari Kanada nzima, na mwaka 2025 huyo huyo alikuwa mchezaji bora wa mtoano mzima akiwa na Florida Panthers.

Mwaka huo wa 2025 ndio uliotupa mtihani mgumu wa skauti na beki. Matthew Schaefer, mtoto wa Stoney Creek, Hamilton, alizaliwa Septemba 5, 2007. Angezaliwa siku kumi na moja baadaye angesubiri mwaka mzima. Mama yake alifariki kwa saratani ya matiti Februari 2024. Vuli iliyofuata ugonjwa wa virusi ulimchelewesha kuanza msimu na timu yake ya Erie Otters. Kisha Desemba 27, mjini Ottawa, akiichezea Kanada dhidi ya Latvia kwenye michuano ya dunia ya vijana, aligonga goli kwa kasi na mtulinga ukavunjika. Msimu ukaishia hapo. Maskauti waliobaki na tiketi za ndege za Januari hadi Aprili hawakuwa na mtu wa kumtazama. Kwa Erie alikuwa amecheza mechi 17: mabao 7, asisti 15.

Kwa kawaida beki asiyeonekana nusu ya msimu huporomoka kwenye orodha. Schaefer hakuporomoka. Ofisi kuu ya maskauti ya NHL ilimweka wa kwanza kati ya wachezaji wa Amerika Kaskazini, na sioni kwamba ilikuwa huruma. Katika zile mechi 17 alifanya tendo la kona nililolieleza hapo juu kwa namna ile ile, dakika ya kwanza na dakika ya hamsini na nane, timu ikiongoza na timu ikichapwa. Kichwa juu, bega limetazamwa, na hatua tatu za kwanza zinamtoa kwenye hatari kabla anayemkimbiza hajafika. Mchezaji wa namna hiyo haongezi sana hoja kwa mechi ya 18 au ya 30. Nao waliokaa naye kwenye usaili walikutana na kijana aliyepita katika msiba mzito na bado anazungumza na kila mtu kwa heshima na uchangamfu.

Islanders, waliokuwa na nafasi ya asilimia 3.5 tu kwenye bahati nasibu, waliruka kutoka wa kumi hadi wa kwanza. Juni 27, mjini Los Angeles, wakamwita, na Schaefer akalia mbele ya kamera akimkumbuka mama yake. Siku hiyo hiyo timu ilikuwa imemuuza beki wake mahiri Noah Dobson kwenda Montreal, na kwa moja ya nafasi ilizopata ikachagua beki mwingine kijana, Kashawn Aitcheson. Huo ni uamuzi wa watu wanaoamini macho yao. Oktoba Schaefer alikuwa uwanjani na jezi ya Islanders, umri wake miaka 18 na mwezi mmoja, na katika mechi ya kwanza tu akaandikiwa asisti.

Atakayetaka kutetea utaratibu wa sasa atamtaja Schaefer, na ana haki. Atamtaja pia Cale Makar, ambaye Colorado Avalanche walimchukua wa nne mwaka 2017 kutoka Brooks Bandits, timu ya mji mdogo wa Alberta katika ligi ambayo wengi waliiona dhaifu mno kumpimia mtu. Colorado walikuwa wa mwisho katika ligi na bahati nasibu ikawanyima nafasi tatu za juu. Mashabiki waliona wamedhulumiwa. Wakaishia na beki aliyeshinda tuzo ya Norris, ya beki bora wa msimu, mara mbili. Vipaji vya namna hiyo huonekana mapema, na timu zina haki ya kuvichukua mapema.

Lakini tazama tarehe za kuzaliwa za wale waliopitwa. Nicklas Lidström wa Sweden, ambaye skauti Christer Rockström aliwaambia Detroit Red Wings wamchukue mwaka 1989, aliitwa wa 53. Alikuja kushinda Norris saba na Kombe la Stanley mara nne, na wapo wanaomhesabu kuwa beki bora wa kizazi chake bila ubishi. Siku alipoitwa alikuwa na miaka 19. Chara alikuwa na miaka 19. Parayko alikuwa na miaka 19. Oduya alikuwa na miaka 19. Kila mmoja wao angeweza kuchaguliwa mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyemwita. Mwaka ule mmoja wa ziada ndio uliompa skauti mmoja, kwenye kiti kimoja cha kona, nafasi ya kurudi na kuona kitu ambacho hakikuwepo au hakikuwa wazi safari iliyopita: mguu ulioongezeka nguvu, pasi inayotoka mapema zaidi, shingo iliyojifunza kugeuka.

Sisemi maskauti waongezewe vipimo wala kamera. Wanavyo vya kutosha. Wanachokosa ni msimu mmoja zaidi, na huo uko mikononi mwa ligi na chama cha wachezaji. Raundi ya kwanza ibaki wazi kwa vijana wa miaka 18, ili akina Schaefer na Makar wasizuiwe na mtu. Kuanzia raundi ya pili, umri upandishwe hadi miaka 19. Timu zitapoteza mwaka mmoja wa kummiliki kijana, na vijana wengi watapata mwaka mmoja wa kukua bila kuwa na jina la timu kubwa mgongoni. Kwa mabeki hasa, naamini orodha za Juni zingeanza kufanana na vikosi vinavyokuja kucheza fainali.